Kibaraza cha Usingizini

Ziko nchi ambazo mtu huzipita asikumbuke chochote ila vumbi lake. Safuni si miongoni mwao. Aliyefika Safuni hata mara moja hurudi akizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetoka kumzuru mgonjwa. Haya ya Bi Shemsa tumeyapata kwake mwenyewe, na tunayatoa kama alivyoyatua, bila kuyatia chumvi, kwa maana yana chumvi yake ya kutosha.

Sheria kuu ya Safuni ni moja, nayo imechongwa juu ya kila lango: Kila jambo na mahali pake. Ukiisikia mara ya kwanza utaipigia makofi. Nani asiyependa utaratibu? Hata kwetu vyungu hukaa jikoni na viatu mlangoni. Ila watu wa Safuni waliichukua kauli hiyo ya kina mama wakaifanya katiba. Upo mtaa wa kufanyia kazi, unaitwa Kazini, na humo ni mwiko mtu kufumba macho hata akizimia. Upo Sokoni, wa kuuza na kununua. Upo Maradhini wa wagonjwa, Ibadani wa wenye kusali, Mazungumzoni wa wenye la kuongea, na Kilioni, ambako watu wa nchi nzima hupeleka maiti wao wakaliliwe. Na upo Usingizini, mtaa wa nyumba, ambako mwanadamu ana ruhusa ya jambo moja tu, nalo ni kulala.

Watu wakizidi, nyumba huzidi. Usingizini ulianza na safu chache karibu na Sokoni, ukaongezwa Namba Mbili, ukaongezwa Namba Tatu, na kila safu mpya ilikuwa mbali zaidi na riziki kuliko iliyotangulia. Siku Shemsa anafika walikuwa wanapima viwanja vya Namba Tisa, mahali ambapo hata kunguru walikuwa hawajapajua. Barabara za nchi ile basi ni ndefu ajabu, na watu humaliza nusu ya uhai wao humo. Kwa kuwa watunga sheria walisahau kuipa barabara jambo lake, mambo yote yalikimbilia huko. Watoto walisomea njiani, wachumba waliposana njiani, wanawake walisukana nywele njiani huku wakitembea. Ukimwuliza mtu wa Safuni anaishi wapi, akiwa mkweli atakwambia anaishi barabarani.

Shemsa alikuwa mwanamke wa makamo, mwuza vitumbua, mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Nyumba aliyopanga kwao ilikuwa na kinyozi mlangoni, mwalimu wa madrasa uani, na yeye na karai lake katikati, na hakuwahi kudhani kuwa hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Kilichomtoa kwao ni salamu iliyoletwa na mpita njia mmoja. "Kakako Mbaruku yu hai," yule mtu alisema, "ila ameacha kusema." Shemsa aliliinamisha karai lake siku ileile. Hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Mbaruku alihamia Safuni akiwa kijana, akaoa huko, akashona nguo Kazini mpaka mvi zikamwingia. Mkewe akafa. Kisha akatimiza umri wa kupumzika, na mtu akifika umri huo Safuni huondolewa Kazini na kurudishwa Usingizini moja kwa moja, kwa hoja kwamba kupumzika ni tawi la kulala. Hata cherehani yake waliirudisha pamoja naye, wakaifunika shuka na kumwambia aitumie kama meza.

Shemsa alifika Namba Mbili saa za asubuhi, jua likiwaka, na mtaa mzima ukiwa kimya. Nyumba zilipangwa kama meno, rangi moja, milango imefungwa. Kitu kilichomshtua ni kwamba mbele ya nyumba hapakuwa na pa kukaa. Hapakuwa na kizingiti kipana, hapakuwa na jiwe, wala ubao. Baadaye aliambiwa kuwa ni sheria, na kwamba wanafunzi wa Safuni huikariri shuleni: Kibaraza huzaa kikao, kikao huzaa soga, soga huzaa biashara.

"Hodi!" akaita.

"Karibu," sauti ikajibu ndani, kavu, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Shemsa." Mbaruku alimtazama juu hadi chini. "Umekonda."

"Mimi nimekonda? Hebu jitazame wewe! Umebaki shati linalotembea."

Akacheka kidogo, na kicheko chenyewe kikamletea kikohozi. Shemsa alikwenda jikoni akakuta sufuria ya wali wa jana haijaguswa, na ya juzi pembeni yake.

"Kwa nini huli, kaka? Chakula si hiki?"

"Chakula kipo. Wa kula naye ndiye hayupo."

Waganga wa Maradhini walikuwa wamempima mara kadhaa wasione kitu. Mapafu mazima, moyo mzima, damu safi. Walimwandikia alale zaidi. Shemsa alikaa naye kutwa nzima ile akajionea ugonjwa wenyewe. Tangu watu walipoondoka alfajiri kwenda kwenye mitaa ya mambo yao, hapakupita mtu. Hapakupita mwuza maji wala mtoto wala mbuzi. Mbaruku alikaa kwenye kiti nyuma ya dirisha, mikono juu ya magoti, vidole vikicheza taratibu kama vinavuta uzi. Shemsa alitamani kulia, ila alijizuia kwa kuwa alikuwa mgeni, na mgeni huja mwenyeji apone.

Jioni watu walirudi wengiwengi, wamechoka, kila mmoja akielekea kwenye mlango wake. Jirani wa ukuta mmoja na Mbaruku alikuwa mwanamke mrefu mwenye kikapu. Shemsa akamwahi.

"Hujambo, mwenzangu?"

"Sijambo."

"Habari za kutwa? Wazima nyumbani? Watoto hawajambo?"

Yule mwanamke aligeuka kulia na kushoto kwa hofu, akaingia ndani, na komeo likasikika likisukumwa.

"Umemwogopesha," Mbaruku alisema. "Hapa salamu ni moja na jibu lake moja. Ya pili huwa mazungumzo."

"Na mazungumzo yana mtaa wake."

"Yana mtaa wake. Mbali."

"Huyo mwanamke mmekaa naye siku nyingi?"

"Tangu hana mvi hata moja. Akikohoa usiku namsikia, na mimi nikikohoa ananisikia." Kisha akasema kama anayejiambia mwenyewe, "Bega lake la kulia limeshuka. Ningemshonea gauni ningelitia pamba kidogo upande huo, likae sawa."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku ile. Shemsa alimtazama kaka yake akajua dawa yake ni nini. Mtu ni watu. Huyu hakuwa anaumwa, alikuwa amekatiwa watu, na kama hakuna wa kumrudishia, basi angeondoka mbele ya macho yake, taratibu, akiwa na mapafu mazima na damu safi.

Kesho yake hakuuliza ruhusa ya mtu. Aliifunua cherehani, akaiburuta hadi mlangoni, akafungua mlango wazi, akakuta mbao mbili uani akazilaza juu ya mawe mbele ya nyumba. Kikawa kibaraza.

"Shemsa, utaniponza."

"Uponzwe na nani, kaka? Na huo ukimya? Huo ndio unaokuponza. Kaa."

Mbaruku akakaa. Akaweka mguu kwenye kanyagio. Mlio wa cherehani ukatoka barabarani, na katika mtaa usio na sauti ulisikika mbali sana. Jioni watu waliporudi walianza kupunguza mwendo wakiwa bado wako kwenye kona. Yule mwanamke mrefu alisimama mbele ya kibaraza, akatazama kulia na kushoto, kisha akainua upindo wa gauni lake. Ulikuwa umechanika njiani. Mbaruku aliupokea, akaupitisha chini ya sindano, akakata uzi kwa meno.

"Ahsante, fundi," mwanamke akasema.

"Karibu tena. Uniletee na la sikukuu, lina kazi begani."

Mwanamke aliweka mkono begani bila kujua, akatabasamu, akaingia ndani. Siku ya pili walisimama wengine. Ya tatu wakawa wengi, na Shemsa, ambaye jicho lake halipitwi, aliona watu wakivikata vifungo vyao kwa meno kwenye kona ili wapate sababu ya kusimama. Walikaa kwenye ubao wakingoja zamu, mabega yakigusana, wakitazama mbele, hawasemi. Lakini hawakuwa na haraka ya kuondoka. Usiku huo Mbaruku alikula sahani mbili akaomba ukoko. Shemsa alimkwangulia sufuria huku machozi yakimtoka kwa furaha, akijifanya ni moshi wa jikoni.

Furaha ya Usingizini haina maisha. Mlinzi wa Utulivu alikuja asubuhi, amevaa viatu vya mpira ili hatua zake zisihesabiwe kelele. Jina lake Feruzi, kijana mpole mwenye macho ya usingizi.

"Samahani, mama," alimwambia Shemsa. "Hii ni kazi, na kazi haipo hapa. Na hicho ni kibaraza. Na jana walikaa watu."

"Walikaa, ndiyo. Walikufa?"

"Hapana, mama. Kufa pia hakuruhusiwi hapa. Wewe ni mgeni. Wahenga walisema, ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

"Nikifumba, nani atamtazama kaka yangu?"

Feruzi aliifunika cherehani kwa shuka, akaifunga kamba na kuitia lakiri, akazipanga zile mbao ukutani kwa adabu. Alipomaliza alisimama kidogo akiuangalia mkono wa shati lake uliokuwa umefumuka, akauficha nyuma, akaondoka. Mbaruku alirudi kwenye kiti cha dirishani. Usiku ule hakula.

Kwa kawaida Safuni mwenye kosa hupewa nafasi ya kujitetea mbele ya Baraza Kuu, lililoko katika mtaa wa Maamuzini, na Shemsa alisema atakwenda yeye kwa niaba ya kaka yake. Siku hiyo Baraza lilikuwa likijadili ramani ya Namba Tisa. Wakamruhusu aseme kwanza, kwa kuwa alikuwa mgeni.

"Waheshimiwa," alisema, "mimi si msomi, mimi naunga hamira na mchele. Naomba kitu kidogo. Mnajenga mtaa mpya. Acheni kila safu iwe na mlango mmoja wa mbele ulio wazi. Mmoja awe fundi, mwingine auze chumvi na kiberiti, mwingine afundishe watoto. Juu walale, chini waishi. Na pale Namba Mbili mumwachie kaka yangu kibaraza chake. Haombi kitu kingine. Mkimnyima mtamwua, na mkono wenu hautakuwa na damu, ndiyo maana nawaambia mapema."

Pakawa na minong'ono. Akasimama Mheshimiwa Kadiri, mwenye safu nyingi za nyumba, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Tumemsikia mgeni wetu na tumesikitika naye," alisema. "Lakini tujiulize. Mtu anaponunua nyumba Usingizini ananunua nini? Kuta? Kuta ziko popote. Ananunua ukimya. Leo ni cherehani, kesho kinu, keshokutwa ngoma. Na wateja wakija na punda wao, punda watafungwa wapi? Mmepima? Mimi sijaona mtu yeyote aliyepima punda."

"Na harufu!" mwingine akadakia. "Huyu mama ametamka hamira ndani ya Baraza."

Wakamwita mtaalamu wa harufu, naye akaeleza kwa kirefu kwamba harufu ya kitumbua hupita kuta, hupita mipaka, na haijulikani inaishia wapi, na kitu kisichojulikana kinaishia wapi hakiwezi kuwekewa mahali pake. Wajumbe walitikisa vichwa kwa huzuni.

"Baba," Shemsa akamwuliza Kadiri, "wewe nyumbani kwako jirani yako ni nani?"

"Ni mtu mwema sana," Kadiri akajibu. "Sijawahi kumsikia."

Hapo ndipo aliposimama Mheshimiwa Zuwena, mjumbe kijana kuliko wote, na Shemsa aliona mashavu yake yamelowa. Zuwena alizungumza vizuri. Alisema yeye alimwuguza bibi yake akafa hivyohivyo, nyuma ya dirisha. Alisema nchi imekua, na shati la mtoto halimtoshi mtu mzima. Alisema wakati umefika Safuni ikubali mchanganyiko, nyumba na duka, kazi na kicheko, mzee na mtoto, pamoja. Alisema Mbaruku asiwe wa kuonewa huruma tu, awe wa kwanza. Aliposema hayo wajumbe walianza kupiga meza, kwanza wachache, mwisho wote, hata mtaalamu wa harufu. Hoja ikapita bila kupingwa. Kadiri mwenyewe alikwenda kumshika Zuwena mkono.

Shemsa alipiga kigelegele, akakumbushwa kuwa vigelegele vina mtaa wake, akaomba radhi huku akicheka. Hakumbuki furaha kama ile tangu azaliwe. Alikuwa bado anacheka karani alipoanza kusoma jinsi azimio litakavyotekelezwa. Kutajengwa, alisoma, mtaa mpya uitwao Mchanganyikoni, ng'ambo ya Kilioni, penye nafasi. Mwenye kutaka kuchanganyika ataruhusiwa kwenda huko siku za mapumziko. Ataondoka kabla ya jua kuzama. Ni marufuku kulala humo. Vyombo vyote vya mchanganyiko vilivyoko mitaa mingine vikusanywe na kupelekwa huko. Namba Tisa itajengwa kama ilivyochorwa.

"Mheshimiwa," Shemsa alimkimbilia Zuwena nje, "mwanangu, mbona hivi? Watu watachanganyikaje mahali ambapo hakai mtu?"

Zuwena alimshika mikono yote miwili. Hakuwa mnafiki, na hilo ndilo lililomkata Shemsa maini. "Dada, tumekupa zaidi ya ulichoomba. Uliomba mbao mbili, tumekupa mtaa mzima. Lakini hata mchanganyiko lazima uwe na mahali pake. Vinginevyo utachanganyika na mambo mengine."

Mchanganyikoni ulijengwa kwa haraka na kwa mapenzi makubwa. Shemsa hakuwahi kuona mtaa mzuri vile. Vibaraza vilikuwa vya mawe yaliyochongwa, maduka yalikuwa na milango ya rangi, ghorofani kulikuwa na madirisha yenye mapazia ya maua, na nyuma ya mapazia hapakuwa na chumba, ukuta tu. Uzuri wa mkakasi. Siku ya ufunguzi Mbaruku alikalishwa kwenye kibaraza cha kwanza na cherehani yake iliyofutwa ikang'aa. Watu walipita, wakasimama, wakatabasamu. Aliletewa vitambaa vipya vilivyochanwa kwa makusudi ili avishone. Kushoto kwake alikaa mwanamume aliyevaa kibandiko kifuani kilichoandikwa Jirani, naye alikuwa mchangamfu kweli, akimwuliza habari za nyumbani, za kutwa, za afya, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Mbaruku alichangamka. Shemsa aliyaona macho yake yakipata nuru, na kwa kitambo alidhani labda yeye ndiye mjinga na wenye nchi ndio wanaojua. Kisha kengele ikalia. Watu wakaanza kuvaa viatu.

"Unakaa wapi, bwana?" Mbaruku akamwuliza jirani yake.

"Usingizini Namba Mbili, safu ya nyuma."

"Ala! Mimi safu ya mbele. Basi kesho utapita?"

Yule mtu alikuwa anabandua kile kibandiko. Uso wake ulififia. "Kesho itakuwa mazungumzo, mzee," alisema kwa sauti ya chini. Akakirudisha kibandiko ndani ya sanduku pamoja na vingine.

Walirudi kwa ile barabara ndefu, Mbaruku akimwegemea dada yake. Mlangoni akasimama kuvuta pumzi.

"Nilidhani wataniletea watu," akasema. "Kumbe wamenipeleka mimi kwa watu, wakanirudisha."

Hakutaka kwenda tena. Na cherehani haikurudi, kwa sababu sasa ilikuwa na mahali pake. Shemsa aliliona kosa lake likiwa limekaa katikati ya chumba, mahali pale palipokuwa na ile meza ya shuka. Alikuja kumwombea kaka yake watu, akamwondolea hata kile alichokuwa akikigusa akipita. Alijilaumu kwa sauti, usiku na mchana, na Mbaruku alimnyamazisha kwa kumpapasa kichwa kama alivyokuwa akifanya walipokuwa wadogo.

"Zile siku tatu," alimwambia siku moja, "zilikuwa nzuri sana, Shemsa. Usizitie uchungu."

Alifariki siku ya kazi, jua likiwa juu, kiganja chake ndani ya kiganja cha dada yake. Shemsa alimfumba macho, akamnyoosha miguu, akamfunga kidevu kwa leso yake. Kisha akatoka nje kupiga ukunga kama inavyopasa, ili majirani waje. Alipiga wa kwanza, akapiga wa pili. Sauti ilikwenda hadi mwisho wa safu ikarudi. Hakuna mlango uliofunguka. Kwao angekuwa hajamaliza wa kwanza kabla kinyozi hajatupa wembe na mwalimu hajawaacha watoto, na wanawake wangekwishafika na mikeka. Hapo ndipo Shemsa alipolia hasa, si kwa kifo, kwa maana kifo ni faradhi, bali kwa kuona kaka yake hana hata mtu wa kumshika upande wa pili.

Aliyekuja ni Feruzi, kwa viatu vyake vya mpira.

"Mama," akasema, "pole sana. Lakini kilio—"

"Najua. Kina mtaa wake."

"Gari la Kilioni litakuja kesho kumchukua. Kule kuna watu wa zamu, wanalia vizuri."

"Hataliliwa na watu wa zamu. Kaka yangu amekaa mtaa huu mpaka amezeeka. Ataondokea hapa, na kama sina wa kunisaidia, nitamwosha peke yangu, nitambeba peke yangu. Wewe andika makosa yote unayoyaona, mwanangu, usiache hata moja."

Feruzi alisogea mlangoni. Alimwona maiti amelala, akauona ule mkono wa dada mtu juu ya shuka. Kisha akainama, akavua vile viatu vya mpira, akaviweka kando. "Maji yako wapi, mama?" akauliza. Wakasaidiana.

Jioni watu wakarudi. Waliona mlango wa Mbaruku u wazi, na Mlinzi wa Utulivu amekaa chini mbele yake, peku, miguu imekunjwa. Wa kwanza walisita. Yule mwanamke mrefu alifika kwenye mlango wake mwenyewe, akatia ufunguo, akautoa. Akaja akakaa chini kando ya Shemsa. Nyuma yake akaja mwingine, halafu mume na mke, halafu kundi zima, wakakaa kwenye vumbi barabarani mpaka safu ya pili. Mmojammoja alimwambia Shemsa pole, Shemsa akaitikia imeshapoa, wakakwama hapo. Hawakujua la kuongeza. Walikuwa watu wazima, wengine wajukuu wamewazunguka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa matanga nje ya Kilioni.

Hatimaye mzee mmoja alisema kwamba ijapokuwa hapa si Ibadani, haifai marehemu kulala bila kuombewa. Akainua mikono, na wote wakainua. Akaanza, akafika mahali, akasimama. Akamwinamia aliye karibu yake, naye akamwinamia mwenzake, na ule mnong'ono ukapita safu kwa safu, watu wakitikisa vichwa, mpaka ukafika kwa mwanamke mrefu. Naye akatikisa kichwa. Aliinamisha uso, na ilimchukua muda kumgeukia Shemsa.

"Dada, nisamehe," alisema. "Sisi tulimjua fundi tu. Tunataka kumwombea. Alikuwa anaitwa nani?"

Mikono yote ilikuwa bado juu, inangoja. Shemsa alilitaja jina la kaka yake, na ikambidi alirudie, kwa kuwa waliokaa nyuma hawakulisikia.